Lord Mansfield: jaji wa biashara aliyeangukiwa na kesi ya utumwa

Nimefanya kazi ya bima miaka mingi, upande wa klemu, yaani madai ya fidia, na kama kuna jina ambalo kila mtu wa bima ameshalisikia hata kama halijui vizuri ni Lord Mansfield. Siku ya kwanza kabisa ya mafunzo mwalimu anaandika ubaoni kesi ya Carter na Boehm, 1766, anakwambia hapa ndipo ilipozaliwa kanuni ya uaminifu wa hali ya juu, ile inayokutaka ukijaza fomu ya bima useme kila kitu, basi, mnapita mnaenda mada nyingine. Miaka ikapita ndio nikaja kusoma habari za James Somerset, yule mtumwa aliyeachiwa London mwaka 1772, nikaona jaji ni Mansfield. Nikasoma habari za meli ya watumwa ya Zong, watu zaidi ya 130 wametoswa baharini wakiwa hai halafu wenye meli wakaenda kudai bima, jaji Mansfield tena. Huyo huyo mmoja.

Na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kuna wanaosema huyu ndiye aliyefuta utumwa Uingereza, na kuna wanaosema huyu ndiye aliyetamka kwamba watumwa ni sawa na farasi. Kila upande una kipande cha ukweli na kila upande umekosea mahali, na mimi naona huwezi kumwelewa kwenye utumwa kama hujamwelewa kwanza kwenye biashara, kwa hiyo vumilia nianze mbali kidogo.

Jina lake la kuzaliwa ni William Murray, amezaliwa tarehe 2 Machi 1705 pale Scone karibu na Perth, Scotland. Kwa hiyo huyu jaji mkubwa wa Kiingereza hakuwa Mwingereza, alikuwa Mskoti, na sio Mskoti wa kawaida, ametoka familia ya kilodi iliyokuwa na jina kubwa lakini hela hakuna, watoto wengi, halafu kibaya zaidi ni familia iliyokuwa inaunga mkono ukoo wa Stuart, ule ukoo wa wafalme waliofukuzwa kwenye kiti. Kaka yake James alienda kabisa kuishi uhamishoni akimtumikia yule mdai kiti wa Stuart. Wakati ule kuwa na ndugu wa namna hiyo sio jambo la kuchekea, watu walikuwa wananyongwa kwa ajili hiyo. Hili ulikumbuke, maana maisha yake yote maadui zake walikuwa wanalitoa kabatini kila wakitaka kumvunja. Mwaka 1753 akiwa tayari mkubwa serikalini ilibidi asimame kujitetea kwamba ujanani hakunyanyua glasi kumtakia afya njema yule mdai kiti. Alisafishwa, lakini doa halikutoka lote.

Akiwa na miaka 13, mwaka 1718, akapandishwa farasi mdogo akatumwa London kusoma shule ya Westminster. Safari ya zaidi ya kilomita 600, mtoto wa miaka 13, na hakurudi tena kuishi kwao. Alipoenda Oxford mwaka 1723 karani wa Christ Church akamwandika kwenye daftari kwamba amezaliwa Bath, mji wa Uingereza, badala ya Perth, na maelezo ambayo yamekuwa yakitolewa ni kwamba lafudhi yake ya Kiskoti ilikuwa nzito karani akasikia vingine. Mimi hiyo picha inanigusa sana, kijana amefika mahali ambapo hata jina la kwao likitamkwa halisikiki. Baadaye watu wakawa wanaisifia sauti yake kuwa tamu kuliko ya wakili yeyote, na aliifanyia kazi kweli kweli, rafiki yake mshairi Alexander Pope alikuwa anamsimamia akifanya mazoezi ya kuongea mbele ya kioo.

Akaingia uwakili mwaka 1730, akaoa mwaka 1738, mke wake Lady Elizabeth Finch wa ukoo mkubwa, hawakupata mtoto. Mwaka 1742 akawa Wakili Mkuu wa Serikali na mbunge, mwaka 1754 Mwanasheria Mkuu, na mwaka 1756 akateuliwa Jaji Mkuu wa King's Bench, mahakama kubwa ya Uingereza, na kupewa ulodi, ndio likaja hilo jina Mansfield. Katikati hapo, baada ya uasi wa 1745, ni yeye aliyesimama upande wa mashtaka dhidi ya malodi wa Kiskoti waliopigania ukoo ule ule wa Stuart ambao kwao waliupenda. Sijui usiku alikuwa analalaje. Kwenye kiti cha Jaji Mkuu alikaa miaka 32, mpaka 1788.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. London ya mwaka 1756 ni mji wa biashara, meli zinaingia Thames zikitoka India, Amerika, Karibiani, Afrika Magharibi, hati za hela zinazunguka, bima za meli zinakatwa kwenye migahawa ya kahawa. Lakini sheria ya mahakama za Uingereza ilikuwa imeshonwa kwa ajili ya mashamba na urithi. Mfanyabiashara akiwa na mgogoro kuhusu hati ya malipo, majaji walimtazama kama mtu anayeongea lugha ngeni. Alichofanya Mansfield ni kwenda kuijifunza hiyo lugha. Kesi za wafanyabiashara alizisikilizia Guildhall, kule City, mtaa wa biashara wa London, akawa anatumia juri maalumu (juri ni wale raia 12 wanaokaa kusikiliza na kuamua nani mkweli) la wafanyabiashara wenyewe, wale wale akiwarudia kesi hadi kesi, anawauliza desturi yenu kwenye jambo hili ikoje, na inasemekana alikuwa anakaa nao mezani wakila na yeye anauliza tu. Halafu ile desturi aliyoisikia anaichukua anaigeuza kuwa kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuitegemea kesho. Hiyo ndiyo imani yake kubwa, kwamba kwenye biashara bora kanuni ijulikane na watu waitegemee kuliko kila kesi kuanza upya.

Nikupe mfano mmoja ninaoupenda. Usiku wa tarehe 11 Desemba 1756 wezi wanavamia gari la posta wanachukua barua, kwenye barua moja kuna noti ya Benki ya Uingereza ya pauni 21 na shilingi 10, aliyeituma anaitwa William Finney. Kesho yake noti ile inafika mikononi kwa Miller, mwenye nyumba ya wageni, amelipwa na mgeni ambaye hamjui, ameipokea kama anavyopokea hela nyingine yoyote na ametoa thamani yake. Finney anawahi benki anasema noti yangu imeibiwa msilipe. Miller akiipeleka, karani wa benki anayeitwa Race anaishikilia, hatoi hela na noti harudishi. Miller anamshtaki karani. Nani mwenye haki, aliyeibiwa au aliyepokea kwa nia njema?

Ungefuata sheria ya mali ya kawaida ungesema kilichoibiwa kimeibiwa, ng'ombe wako akikutwa zizini kwa mtu mwingine bado ni wako. Mansfield akasema hapana, noti sio ng'ombe, noti ni hela, na hela ikishapita mkono kwa mkono kwa mtu aliyeipokea kihalali bila kujua ubaya wowote, ni yake. Akampa Miller ushindi, mwaka 1758. Fikiria mama ntilie anayepokea noti ya elfu kumi kutoka kwa mteja, kama sheria ingekuwa kwamba noti hiyo inaweza kufuatwa na mtu aliyeibiwa miezi mitatu nyuma, nani angeuza chakula? Uamuzi wa namna hii ndio unaoifanya hela iwe hela.

Ya Carter na Boehm ndio ile ya bima. George Carter alikuwa gavana wa ngome ya Kiingereza inaitwa Fort Marlborough, kule Sumatra. Ngome dhaifu, haikujengwa kuhimili jeshi la Ulaya. Akakata bima kupitia ndugu yake London kwamba ngome ikitekwa na adui wa kigeni alipwe, na mwaka 1760 Wafaransa wakaja wakaiteka. Charles Boehm aliyetoa bima akagoma kulipa, akasema hukuniambia ngome ni dhaifu, hukuniambia Wafaransa wanaweza kuja. Na hapa ndipo Mansfield akaandika maneno ambayo mpaka leo yako kwenye damu ya bima, kwamba nia njema inakataza upande wowote kuficha kile unachokijua peke yako ili kumwingiza mwenzako kwenye mkataba kwa kutojua kwake.

Upande wowote. Hayo maneno mawili ndiyo yanayorukwa. Ukiisikia kesi hii darasani unaweza kudhani mkata bima alishindwa kwa sababu alificha, kumbe Carter ALISHINDA. Mansfield alimwambia mtoa bima, wewe uko London, unajua kuna vita, unajua gavana ni mfanyabiashara sio jemadari, ungeweza kuuliza habari za ngome hukuuliza, umepokea ada ukijua unachocheza nacho, sasa lipa. Nimeshaona mwenye duka ananyimwa fidia baada ya moto kwa sababu eti hakusema kwamba jirani yake ni fundi wa kuchomelea vyuma, wakati mkaguzi wa kampuni alikuja kabla ya bima kukatwa, akakaa kwenye benchi la huyo huyo fundi akinywa soda. Nilikuwa kijana pale ofisini, nikapiga muhuri barua ya kukataa kwa mkono wangu. Laiti ningekuwa nimeisoma kesi yenyewe yote na sio ule muhtasari wa ubaoni.

Na kama unashangaa maamuzi ya London ya karne ya 18 yanatuhusu nini sisi, ni kwamba sheria ya Kenya inapokea sheria ya mahakama za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na ya Tanzania kama ilivyokuwa 22 Julai 1920, kwa hiyo huyu mzee wa Scone yumo ndani ya mikataba yetu hata kama hatumtaji.

Haya. Sasa mchukue mtu huyu, aliyejenga jina lake kwa kuwapa wafanyabiashara uhakika, umletee binadamu aliyefungwa pingu.

James Somerset alichukuliwa Afrika akiwa mtoto, akauzwa Virginia mwaka 1749, akanunuliwa na Charles Stewart ambaye baadaye akawa ofisa wa forodha wa Kiingereza kule Amerika. Mwaka 1769 Stewart akaja naye London. Somerset akabatizwa, akapata wazazi wa ubatizo, akapata marafiki, na Oktoba 1771 akaondoka kwa Stewart, akagoma kurudi. Tarehe 26 Novemba akakamatwa na watu waliotumwa, akaingizwa kwenye meli inaitwa Ann and Mary iliyokuwa Thames, nahodha John Knowles, akafungwa minyororo, mpango ni kumpeleka Jamaica akauzwe. Wazazi wake watatu wa ubatizo wakakimbilia kwa Mansfield kuomba amri ya habeas corpus, yaani amri ya kumlazimisha aliyemshikilia mtu amlete mahakamani aeleze anamshikilia kwa haki gani. Mansfield akaitoa. Hiyo amri yenyewe tayari ilikuwa jambo, kwa sababu habeas corpus ni ya mtu, mzigo hauombewi habeas corpus.

Somerset alipoachiwa kwa dhamana akaenda mwenyewe kumtafuta Granville Sharp, yule mtu aliyekuwa amejisomea sheria mwenyewe kwa ajili ya kupigania watu weusi wa London. Sharp alikuwa anajua ukuta ulipo. Tangu mwaka 1729 kulikuwa na maoni ya wanasheria wawili wakubwa wa serikali, Yorke na Talbot, kwamba mtumwa akija Uingereza anabaki mtumwa, ubatizo haumbadilishi kitu, na bwana wake anaweza kumlazimisha kurudi makoloni. Yalikuwa maoni tu, hayakuwa hukumu, lakini wenye watumwa waliyashika kama msahafu. Upande wa Somerset wakajitokeza mawakili watano bila malipo, mmoja wao Francis Hargrave alikuwa kijana hana jina. Upande wa Stewart gharama zikabebwa na wafanyabiashara wa Karibiani, maana waliona hii kesi sio ya mtu mmoja.

Mansfield hakutaka kabisa kuiamua. Hili ni muhimu kulielewa. Alijaribu kuimaliza nje, alimshauri mama wa ubatizo, Elizabeth Cade, amnunue Somerset yaishe, mama akakataa, akaona kumnunua ni sawa na kukubali kwamba yule bwana alikuwa na haki ya kuuza. Huyo mama anastahili kukumbukwa zaidi. Mansfield akamdokeza Stewart amwachie, Stewart na wenzake wakakataa. Akasema wafanyabiashara wakitaka waende Bungeni watunge sheria. Ndani ya mahakama ikatajwa hesabu, kwamba watumwa walioko Uingereza ni kati ya 14,000 na 15,000, kila mmoja thamani pauni 50, jumla zaidi ya pauni 700,000. Unamwona yule jaji wa biashara hapo, kila akiiangalia sura ya Somerset anaona na mali ya watu inayeyuka.

Mwishowe akasema maneno ambayo mimi naona ndiyo ya heshima yake kubwa, kwamba kama pande zote zinataka hukumu, basi haki itendeke mbingu zikiporomoka na ziporomoke.

Tarehe 22 Juni 1772, Jumatatu, Westminster Hall, watu weusi wa London wamekuja kusikiliza. Hukumu ilikuwa fupi. Maneno yake yameandikwa tofauti tofauti na waliokuwepo, lakini kiini chake hiki: hali ya utumwa ni ya namna ambayo haiwezi kuanzishwa kwa hoja yoyote ya maadili wala siasa, ni kitu cha kuchukiza kiasi kwamba hakuna kinachoweza kukishikilia isipokuwa sheria iliyotungwa waziwazi, na hapa Uingereza sheria kama hiyo haipo, kwa hiyo hata kama uamuzi huu utaleta usumbufu, mtu huyu mweusi lazima aachiwe. Watu weusi waliokuwa mle ndani wakainama kuwapa heshima majaji, kisha wakageukiana wakashikana mikono. Siku chache baadaye karibu watu 200 weusi walikutana kwenye ukumbi wa kilabu cha pombe pale Westminster kusherehekea, kiingilio shilingi 5.

Ile sentensi maarufu ya hewa ya Uingereza kuwa safi mno hata mtumwa asiweze kuivuta, watu wanampachika Mansfield, sio yake, ni hoja ya mawakili wa Somerset, na walikuwa wanairudia kutoka kesi ya zamani.

Sasa aliamua nini hasa? Kisheria aliamua jambo dogo, kwamba bwana hawezi kumkamata mtumwa wake kwenye ardhi ya Uingereza na kumsafirisha kwa nguvu akauzwe nje. Hakusema watumwa wote wa Uingereza wako huru kuanzia leo, na hakugusa kabisa Jamaica wala Virginia, kule sheria zilizotungwa waziwazi zilikuwepo tele, na biashara ya meli za watumwa iliendelea mpaka 1807. Mwaka 1785 mwenyewe alisema hivyo, kwenye kesi ya mwanamke mweusi Charlotte Howe, aliyeletwa Uingereza kama mtumwa, bwana wake akafa, akawa anaomba msaada wa maskini wa parokia. Mansfield akasema kesi ya Somerset haiendi mbali zaidi ya kwamba bwana hawezi kumtoa mtumwa nchini kwa nguvu, na kwa kuwa Charlotte hakuwahi kuajiriwa kwa mshahara, sheria ya msaada haimgusi. Akatoka mikono mitupu. Scotland mwaka 1778 mahakama yao kwenye kesi ya Joseph Knight ndiyo iliyokwenda mbali na kusema utumwa hautambuliwi kabisa na sheria ya kwao.

Lakini hukumu haiishi kwenye karatasi ya jaji. Wiki chache baada ya Somerset kuachiwa, bwana mmoja wa Bristol alimwandikia Stewart barua akilalamika kwamba mtumishi wake anayeitwa Dublin ameondoka, kwa sababu amepata barua kutoka kwa anko wake Somerset kumjulisha kwamba Lord Mansfield amewapa uhuru wao, na ameondoka bila hata kumsemesha. Soma tena. Amewapa. Mansfield alichonga uamuzi mwembamba kama sindano, na Somerset akauandikia barua ukawa mlango. Nani anasema Dublin alielewa vibaya? Mguu wake ulishatoka, na bwana wake sasa hana pa kumkamatia akamsafirishe. Ukikosa nguvu ya kumrudisha mtu, ule umiliki wako umebaki na nini? Ndio maana mimi nakataa wanaosema kesi ile haikubadilisha kitu. Zanzibar ilipofuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897 njia ilifanana na hii, dola haikwenda nyumba kwa nyumba kufungua watu, iliondoa mkono wa mahakama, na waliokuwa na ujasiri wa kwenda kudai ndio waliotoka.

Sasa kuna jambo la nyumbani kwake. Mwaka 1754 Mansfield alinunua jumba la Kenwood, Hampstead, baadaye likapambwa upya na msanifu Robert Adam, bado liko na unaweza kulitembelea. Ndani ya nyumba hiyo alikulia binti anaitwa Dido Elizabeth Belle, amezaliwa 1761, mama yake ni Mwafrika, Maria Belle, baba yake ni Sir John Lindsay, ofisa wa jeshi la maji, mtoto wa dada yake Mansfield. Lindsay ni mpwa wake, kwa hiyo kwa hesabu zetu za ukoo Mansfield alikuwa babu yake Dido. Akalelewa pamoja na binamu yake mzungu, Lady Elizabeth Murray, na ipo picha yao ya rangi iliyochorwa na David Martin, wasichana wawili, mmoja ameshika kitabu, Dido amevaa hariri na kilemba chenye unyoya, kidole kimegusa shavu, anakutazama na tabasamu la mtu anayejua jambo.

Mwaka 1779 mgeni mmoja, Thomas Hutchinson, aliyekuwa gavana wa Massachusetts, alikula pale na akaandika kwenye shajara yake. Dido hakula mezani na wageni. Aliingia baada ya chakula, akakaa na wanawake, wakanywa kahawa, kisha wakatoka bustanini na binamu yake wakiwa wameshikana mkono. Alisimamia maziwa na kuku wa nyumba, na mzee alimtumia kuandika barua zake. Posho yake kwa mwaka pauni 30 na shilingi 10, ya binamu yake kama mara tatu ya hiyo. Hutchinson huyo huyo ndiye aliyeandika kwamba mwenye shamba mmoja wa Jamaica aliulizwa kabla ya hukumu ya Somerset ataamuaje jaji, akajibu bila shaka atamwachia, maana Lord Mansfield ana mtu mweusi nyumbani kwake anayemtawala yeye na familia nzima. Ni dharau ya mtu aliyeona anashindwa, mimi siamini hukumu ilitoka kwa Dido, msichana alikuwa na kama miaka 11. Ila siamini pia kwamba mtu anaweza kukaa meza ya kifungua kinywa na mjukuu wake kila siku halafu aingie mahakamani akiwa amemsahau.

Mwaka 1780 London ikalipuka, ghasia za Gordon, watu waliokuwa wanapinga sheria ya kuwalegezea Wakatoliki. Mansfield alijulikana kuwa hapendi watu kuteswa kwa dini yao, mwaka 1768 padri alishtakiwa kwa kusalisha misa na Mansfield akaiongoza juri kwa namna ambayo padri akaachiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Juni wakaja nyumbani kwake Bloomsbury Square, yeye na mke wake wakatokea mlango wa nyuma, nyumba ikachomwa, na maktaba, na madaftari yake mengi ya uwakili na ujaji, moto. Alikuwa na miaka 75. Baadaye kidogo akisimama Baraza la Malodi kuongelea sheria ya ghasia, alisema hajasoma vitabu, kwa kweli hana vitabu vya kusoma. Fidia hakutaka. Na kiongozi wa wale watu, Lord George Gordon, aliposhtakiwa, jaji aliyeongoza kesi ni Mansfield, na Gordon akaachiwa.

Sio kwamba kila mahali alikuwa upande mzuri. Kwenye kesi za magazeti alishikilia kwamba kazi ya juri ni kusema tu kama mtu amechapisha, kama maneno ni uchochezi anaamua jaji, na Bunge likaja kumgeuza mwaka 1792.

Zong sasa. Septemba 1781 meli hii iliondoka Afrika Magharibi na watu 442 ndani, wamejazwa kupita kiasi, nahodha Luke Collingwood. Walipofika karibu na Jamaica wakaipita wakidhani ni kisiwa kingine. Watu wameshaanza kufa kwa maradhi. Kuanzia tarehe 29 Novemba, kwa siku kadhaa, mabaharia wakawatosa watu baharini, zaidi ya 130. Sababu iliyotolewa ni kwamba maji ya kunywa yameisha. Meli ilifika Jamaica na watu 208 wakiwa hai, na maji yamebaki.

Kwa nini watoswe? Hapa ndio mtu wa bima anaelewa haraka na anatetemeka. Mtumwa akifa kwa ugonjwa, hasara ni ya mwenye meli. Lakini bima za bahari tangu zamani zinalipa shehena iliyotoswa kwa dharura ili kuokoa chombo. Kila mtu aliwekewa bima ya pauni 30. Wenye meli, kampuni ya akina Gregson wa Liverpool, wakadai. Watoa bima wakakataa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji, kesi ni ya klemu.

Machi 1783 pale Guildhall, mbele ya Mansfield, juri likawapa wenye meli ushindi. Olaudah Equiano, mwandishi mweusi aliyekuwa mtumwa, alikwenda kumwambia Granville Sharp, na Sharp akaanza kuhangaika kila ofisi. Mei, watoa bima wakaomba kesi isikilizwe upya, na hapo ndipo Mansfield alipotamka ile sentensi. Akieleza juri lilionaje, alisema hawakuwa na shaka, ingawa inashtua sana, kwamba suala la watumwa ni sawa na kama farasi wangetoswa. Wengi wanainukuu kama imani yake binafsi. Hapana, anaeleza walichokiona juri, na ameweka katikati yale maneno kwamba inashtua. Lakini pia hakukana. Hakusema sheria hiyo ni mbaya, hakusema hawa ni watu. Aliposikia kwamba mvua ilinyesha katikati ya siku zile na bado watu wakaendelea kutoswa, akasema dharura iko wapi basi, akaamuru kesi isikilizwe upya. Hakuna kumbukumbu kwamba ilisikilizwa tena.

Ukiziweka hizo kesi mbili pamoja unaona ni kichwa kile kile. Kwa Somerset aliuliza, kuna sheria iliyotungwa inayokuruhusu? Haipo, mwachie. Kwa Zong aliuliza, kuna dharura iliyo ndani ya bima? Ushahidi una mashaka, rudieni. Swali la pili likiulizwa hivyo, mauaji hayaonekani, na mtu wa haki aliyeketi pale akaliuliza hivyo hivyo. Mimi nimejaza fomu nyingi za klemu, ninajua jinsi fomu inavyokuchagulia nini cha kuona. Kisanduku cha sababu ya hasara kipo. Cha aliyekufa hakipo.

Aliacha ujaji 1788, akafa Kenwood Machi 1793 akiwa na miaka 88, akazikwa Westminster Abbey. Wosia wake aliuandika kwa mkono wake mwenyewe. Lady Elizabeth aliachiwa pauni 10,000. Dido aliachiwa pauni 500 na pauni 100 kila mwaka wa maisha yake, na kabla ya hela kuna sentensi moja, kwamba ninamthibitishia Dido Elizabeth Belle uhuru wake. Yule jaji ambaye dunia nzima inasema alifuta utumwa Uingereza mwaka 1772, akiwa anamwandikia mjukuu wake aliyelala chini ya paa lake tangu utotoni, hakuona kwamba hukumu yake mwenyewe inatosha kumlinda siku yeye akiondoka. Akaandika.

Desemba ya mwaka ule ule Dido aliolewa na John Davinier pale St George's, Hanover Square, akazaa watoto watatu wa kiume, akafa mwaka 1804.